Ndugu Wananchi, Turudishe

Mtu akirudi kijijini Desemba akiwa na gari, hatuchelewi kusema: huyu maisha yamemnyookea. Kanisani ataitwa mbele atoe ushuhuda, tutapiga makofi na kumshukuru Mungu. Hakuna ubaya. Gari ni baraka, na kushukuru ni adabu njema.

Lakini tumewahi kumsikia mtu akisimama kushuhudia kwamba wiki hii amemaliza deni la dukani? Kwamba dada wa kazi nyumbani kwake amelipwa mishahara yote aliyokuwa akidai? Na akisimama, tutampigia makofi?

Nauliza kwa sababu Luka, sura ya 19, anatupa ushuhuda wa namna hiyo hasa. Zakayo wa Yeriko alikuwa amekwisha kufanikiwa: mkuu wa watoza ushuru, tena tajiri. Yesu alipokuwa mgeni wake, mwenye nyumba alisimama akataja hesabu. Nusu ya mali kwa maskini, na yeyote aliyemdhulumu atarudishiwa mara nne. Torati ilimtaka anayekiri kosa lake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu. Zakayo akaivuka kwa mbali. Alibakiwa na mali pungufu, na hapo ndipo Yesu alipotamka kwamba wokovu umefika nyumbani mle.

Tuangalie pia lile ambalo halikusemwa. Luka hatuambii kwamba Zakayo aliamriwa aache kazi. Hata Yohana Mbatizaji, watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, hakuwafukuza ofisini. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango walichopangiwa. Kazi ileile, meza ileile, ila sasa mwananchi anayefika kwenye meza ile anaondoka hajaibiwa.

Je, wanaopita mikononi mwangu wanaondoka salama? Mimi naamini hicho ndicho kipimo cha mafanikio ambacho imani ya Kikristo inatupa. Hakiulizi kwanza nina nini. Kinauliza jirani yangu amebaki na nini baada ya kushughulika nami.

Wala hizi si habari za Yeriko peke yake. Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mfano. Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya, alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo. Hakupata nafasi, akaumia. Husimuliwa kwamba ni katika uchungu huo alipotambua kuwa alichopewa na Mungu kilikuwa kikubwa kuliko alichokikosa. Mwaka 1929 alikutana na daktari mmisionari, Joe Church, pale Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni. Katika miaka ya 1930 uamsho ukatoka huko ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na hata upande wa Bukoba. Watu wakawaita wafuasi wake Balokole, yaani waliookoka.

Waliimba sana, walitubu mbele za watu, na si kila mtu alipendezwa nao. Linalonigusa mimi ni kwamba walirudisha. Walipeleka kwa waajiri vitu walivyoviiba, walilipa madeni ya zamani, waliwaendea waliogombana nao kuomba radhi. Hebu fikiri wewe ndiwe mwajiri. Unafungua mlango, mtu amekushikia jembe ambalo hukujua hata kama lilipotea. Utamwitaje mtu huyo, aliyeshindwa maisha?

Sasa tuje nyumbani kwetu, maana najua nia njema ipo.

Mama mwenye genge, mizani yako imekaa sawa? Fundi, ile saruji iliyobaki, mwenye nyumba anajua kwamba imebaki? Kondakta, yule mwanafunzi alishuka na chenji yake? Ndugu yangu wa ofisini, lile faili la mzee wa watu linalolala kwenye droo, linaweza kutoka kesho asubuhi bila yeye kurudi tena na nauli ya kukopa?

Na watoto je? Wakirudi shule tunawauliza, "Umekuwa wa ngapi?" Tuendelee kuuliza, elimu ni muhimu. Ila siku moja moja tuulize pia, "Leo umemsaidia nani?" Mtoto hujifunza upesi kile kinachomfurahisha baba na mama.

Wewe usiye Mkristo, karibu, hapa hujatengwa. Haki ya mtu ni haki ya mtu, na sote tunakula sokoni pamoja.

Nawaombeni basi, kabla ya mwezi huu kwisha, kila mmoja achukue karatasi aandike jina moja tu la mtu anayemdai. Moja linatosha kwa kuanzia. Kama fedha hazitoshi, nenda hata hivyo, mwambie, mpangiane kidogo kidogo. Wengi wetu tunakwepa njia fulani mtaani kwa sababu ya shilingi elfu kumi, na mwenye nazo angefurahi hata kusalimiwa.

Na kama amekwisha kufariki? Watafute wanawe. Usipomwona hata ndugu, Hesabu sura ya 5 imelifikiria hilo: malipo yalipelekwa kwa Bwana, yakapokelewa na kuhani. Kwa hiyo mwendee mchungaji wako au padri, mweleze, naye atakuonyesha mjane au yatima wa kupewa.