Wapiga Kura Waliofundishwa Kutotarajia

Tarehe 24 Februari 2012, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais wa Ufaransa, François Hollande alipanda juu ya gari dogo la wanachama wa vyama vya wafanyakazi mbele ya kiwanda cha chuma cha ArcelorMittal huko Florange, Lorraine. Ajira zilizotegemea matanuru mawili ya kuyeyushia chuma zilikuwa hatarini. Mgombea huyo wa Chama cha Kisoshalisti aliahidi sheria: kampuni isiyotaka tena kuendesha kiwanda ilazimike kumwachia anayetaka kukinunua.

Hollande alishinda. Novemba mwaka huohuo waziri wake Arnaud Montebourg alitaka serikali ikitaifishe kiwanda kwa muda. Waziri mkuu Jean-Marc Ayrault akakataa na kupatana na kampuni. Mwezi huohuo serikali ilitangaza nafuu ya kodi kwa makampuni, ambayo ingefikia takriban euro bilioni 20 kwa mwaka. Matanuru yalizimwa kabisa mwaka 2013. Sheria iliyoahidiwa ilipita Bungeni mwaka uliofuata, na Baraza la Katiba likaing'oa meno kabla haijamsaidia mtu. Wafanyakazi walikwishasimamisha jiwe mfano wa yale ya makaburini, wakiandika juu yake kwamba wamesalitiwa.

Ukiuliza kwa nini vyama vikubwa vya mrengo wa kushoto vimepoteza watu wao Ulaya Magharibi, utapewa majibu mawili kwa haraka. La kwanza ni kwamba tabaka la wafanyakazi wa viwandani limepungua. La pili ni kwamba waliobaki wamevutwa na siasa za kuwachukia wahamiaji. Yote mawili yana ukweli. Migodi ya makaa ya kaskazini mwa Ufaransa ilifungwa kabisa mwaka 1990, na Hénin-Beaumont, mji wa wachimbaji uliokuwa ngome ya kushoto, umeongozwa na chama cha Marine Le Pen tangu 2014. Lakini majibu haya yanampa mpiga kura lawama yote na kumwacha kiongozi akiwa msafi. Tena yanasahau kwamba wengi walioondoka hawakwenda kwa Le Pen wala kwa mtu mwingine. Walikaa nyumbani siku ya kura. Mtu anayebadilisha chama bado anaamini kura ina nguvu; anayekaa nyumbani ameacha kuamini, na naona imani hiyo ilivunjwa na wale waliojengewa nayo madaraka.

Mwaka 1981 Msoshalisti François Mitterrand aliingia ikulu ya Élysée akataifisha mabenki na viwanda vikubwa, akaongeza wiki ya tano ya likizo yenye malipo, akashusha umri wa kustaafu hadi miaka 60. Watu waliona kura yao ikigeuka kuwa mapumziko na pensheni. Miaka miwili baadaye sarafu ya franka ikayumba, na serikali ikachagua kubana matumizi ili ibaki ndani ya mfumo wa fedha wa Ulaya. Huenda hapakuwa na njia rahisi. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba badiliko hilo lilitangazwa kama kituo cha kupumzika tu, na safari haikuanza tena. Mwaka 1999 kampuni ya Michelin ilipotangaza kupunguza watu 7,500 Ulaya huku faida yake ikipanda, waziri mkuu Msoshalisti Lionel Jospin alisema kwenye televisheni kwamba watu wasitarajie kila kitu kutoka serikalini. Jospin huyo ndiye aliyepunguza wiki ya kazi hadi saa 35 na kuwapa maskini bima ya afya, na itakuwa dhuluma kumsahau kwa hayo. Lakini Aprili 2002 alipata asilimia 16.18, akaondolewa katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais, na Jean-Marie Le Pen akapita mbele yake.

Mei 2005 Wafaransa waliulizwa kuhusu katiba ya Umoja wa Ulaya. Uongozi wa Chama cha Kisoshalisti ulisema ndiyo. Wengi wa wapiga kura wake wakasema hapana, na hapana ikashinda kwa karibu asilimia 55. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya yaliyokataliwa ilirudi ndani ya Mkataba wa Lisbon, na safari hii yakaidhinishwa na Bunge bila wananchi kuulizwa. Mtu akikuuliza maoni kisha akapita pembeni ya jibu lako, hutamwamini akirudi kuuliza.

Mwaka 2011 taasisi ya Terra Nova, iliyo karibu na chama hicho, ilishauri hadharani kwamba ushindi ujengwe juu ya wasomi, vijana, wanawake na watu wa asili ya kigeni, badala ya kulitegemea tabaka la wafanyakazi. Wote hao wanastahili chama kinachowatetea. Lakini msafisha ofisi mwenye wazazi kutoka Mali na mfua chuma wa Lorraine wanaumizwa na mkataba uleule wa kazi usio na uhakika, na mwaka 2016 serikali ya Hollande ilipoilegeza sheria ya kazi, iliipitisha bila kura ya wabunge. Mwaka uliofuata mgombea wa chama, Benoît Hamon, alipata asilimia 6.36, na makao makuu ya mtaa wa Solférino, Paris, yakauzwa. Mwaka 2022 Anne Hidalgo aliambulia 1.75.

Je, mlango umefungwa? Julai 2024 muungano wa vyama vya kushoto uliongoza kwa viti Bungeni, ingawa kura nyingi zililenga kukizuia chama cha Marine Le Pen. Kilichonipa matumaini zaidi ni kidogo kuliko hicho. Oktoba 2025 Wasoshalisti, wakiwa na kura ambazo serikali ya Sébastien Lecornu ilizihitaji ili isianguke, walidai sheria ya 2023 ya kupandisha umri wa kustaafu kutoka 62 hadi 64 isimamishwe, na serikali ikakubali kuisimamisha hadi baada ya uchaguzi wa rais wa 2027. Ni kuahirisha tu, na chini ya rais mwingine kunaweza kufutwa. Hata hivyo kwa maelfu ya watu waliofanya kazi za mikono maisha yao yote ni miezi kadhaa ya kupumzika mapema. Watakaogombea kwa jina la mrengo wa kushoto mwaka 2027 watalazimika kwenda Lorraine, na huko wataulizwa watafanya nini siku Baraza la Katiba, soko la fedha au Brussels itakaposema haiwezekani.