Nani Aamshwe Kwanza?

Hivi karibuni nilikuwa Mwankoko, kando ya mji wa Singida, nikimsindikiza shangazi yangu kwenye mashine ya kukamua alizeti. Foleni ilikuwa ndefu, na waliochoka walijilaza chini ya mti. Mizani ilikuwa moja tu. Juu yake palikuwa na nusu gunia la mama mmoja aliyekuwa akimngoja mjukuu wake alete lililobaki. Naye usingizi ulikuwa umemchukua. Mtoto alipotokea, mwenye mashine aliacha yote akaenda kumwamsha yule mama. Bwana mmoja mwenye magunia kumi akanung'unika.

“Tulia, mzee wangu,” akajibiwa. “Mizani anayo yeye. Nikikuita wewe, utapimia nini?”

Mpwa wangu anayesomea kompyuta amenieleza jambo hilihili mara nyingi, wala sikumwelewa hadi siku ile. Ndani ya kompyuta, na ndani ya simu ya mkononi pia, imo programu kuu iitwayo kiini, ambayo huamua ni kazi ipi itumie ubongo wa mashine na kwa muda gani. Kazi inayohitaji kitu kisicho tayari, tuseme habari kutoka kwenye diski, haisimami mlangoni ikiuliza kila mara kama kimefika. Hutaja inachokingoja, ikalala. Kitu kikifika, kiini huiamsha.

Lakini wakiamka wengi kwa pamoja, nani atangulie? Katika Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani, kila kazi ilipolala ndani ya kiini ilipewa cheo itakachoamka nacho. Iliyongoja diski iliamka na cheo cha juu kuliko iliyongoja mtu abonyeze herufi. (Ajabu ni kwamba huko namba ndogo ndiyo cheo kikubwa.) Haikupewa cheo kwa ukubwa wake, bali kwa kuwa huenda imeikalia mizani: faili iliyofungwa, au sehemu ya kumbukumbu, ambayo wenzake wanaihitaji. Ikitoka ndani ya kiini, cheo huvuliwa, ikarudi foleni kama nyingine. Na usingizi wa diski ni mzito kwelikweli. Hata ukiiamuru kazi hiyo ife, haisikii mpaka diski ijibu.

Kanuni hii ikikosekana, hasara yake si ndogo. Tarehe 4 Julai 1997, chombo cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Haukupita muda, kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Kazi ya cheo cha chini, iliyokusanya habari za hali ya hewa, ilikuwa imeshika ufunguo wa njia ya mawasiliano. Kazi ya cheo cha juu ililala ikiungoja. Za cheo cha kati, zisizouhitaji ufunguo huo hata kidogo, zikawa zinaipita ile ya chini, na ufunguo ukachelewa kurudishwa. Wahandisi walituma sahihisho kutoka duniani: aliyeshika ufunguo aazimwe cheo cha anayemngoja, mpaka aurudishe.

Nilimsimulia shangazi haya tukiwa bado foleni. Akataka kujua kwa nini watu wenye fedha za kufika Mirihi walichukua mizani moja.