CHAI YA ASUBUHI SI ANASA



Kila alfajiri tunapofuata Barabara ya Bombo kwenda zamu, tunawakuta kina mama wa Kawempe wamekwisha washa sigiri zao. Hao ndio wanaotulisha. Katogo ya matoke na matumbo humshikilia mtu hadi saa nane. Kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, ni nafuu zaidi. Rolex (mgeni hufikiri ni saa ya mkono, kumbe ni chapati iliyoviringishwa na mayai) wengi wetu tunaiachia siku ya mshahara. Mwenye shilingi chache hununua chai na mandazi, na hapo tunamshauri aulize yamekaangwa lini. Andazi la leo ukilivunja lina uwazi ndani, wala haliachi mafuta kiganjani. La jana hukaa tumboni kama jiwe.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta ya kula, chapati zilikuwa ndogo na nyembamba. Wenzetu wakawalaumu wapishi. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Wapishi nao hununua unga kwa bei ile ile inayotuumiza sisi. Kilichokataa kusogea ni mshahara. Kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada wa kukibadili miaka 35 baadaye, mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Shilingi 6,000 hazitoshi rolex moja kila siku kwa juma moja la kazi!

Kiwanda kimoja tunachokifahamu hufunga lango saa moja kamili, na wauzaji hufukuzwa. Mwenzetu alianguka kando ya mashine saa nne, hajala kitu tangu jana yake. Msimamizi akaandika "uzembe". Uzembe wa nani?

Ndugu zetu wachumaji wa chai huko Tooro nao huingia shambani na tumbo tupu, wamezungukwa na chai.

Kwa hiyo tunadai dakika 15 saa nne, chai yenye sukari na mandazi mawili kwa gharama ya mwajiri, yakinunuliwa kwa kina mama wa langoni, si kwa shemeji wa meneja. Kila tawi lilete jambo hili katika majadiliano yajayo na mwajiri. Katibu anayeona ni jambo dogo aje langoni saa kumi na mbili asubuhi, anywe chai nasi.