Mtoe mtu ukutani

Mwenye kamera ndogo ya mfukoni akilalamika kwamba mandhari ya nyuma hayafifii, jibu huwa lilelile: nunua kamera kubwa. Ushauri huo una ukweli kiasi, ila unawatoa watu fedha kabla hawajatumia walichonacho. Na anayepiga picha Shelui, chini ya mlima Sekenke, ana kitu ambacho studio nyingi za Dar es Salaam hazina, yaani nafasi.

Ukungu wa nyuma unategemea kwanza upana halisi wa tundu la lenzi. Chukua kamera ndogo yenye lenzi ya milimita 4.5 hadi 45. Kabla ya kuvuta zumu, kwenye f/3, tundu lake ni milimita 1.5 tu. Ikivutwa hadi mwisho namba hupanda kufikia f/6.9, na hapo wengi hurudi nyuma kwa kuwa wamefundishwa kukimbilia namba ndogo, kumbe tundu limepanuka hadi milimita 6.5. Kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 50 na f/1.8 ina tundu la milimita 28, kwa hiyo pengo lipo na halifutiki kwa ujanja. Picha ya mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa kamera ndogo, nyuma yake itasomeka tu. Lakini umbali nao una sehemu yake, tena kubwa. Ukimpiga mtu kichwa na mabega kwa zumu kamili, utasimama kama mita tatu na nusu kutoka kwake. Akiwa nusu mita mbele ya ukuta wa duka, unapata takriban sehemu moja ya nane ya ukungu ambao kamera hiyohiyo ingetoa kama nyuma yake pangekuwa mbali. Mgeuze, mgongo wake uelekee mbuga ya Wembere, na karibu ukungu wote unarudi bila gharama. Kwa vitu vidogo mambo ni mazuri zaidi: ua la alizeti, zao ambalo Singida inajulikana kwalo, likijaza picha kwa zumu kamili kutoka mita moja hivi, nyuma yake hufifia karibu sawa na picha ya kichwa na mabega ya ile kamera kubwa.

Atasema mtu kwamba simu inafanya yote hayo kwa kugusa kioo. Ni kweli, tangu iPhone 7 Plus ya 2016 jambo hilo limekuwa la kawaida, na kwa picha ya WhatsApp linatosha. Ila programu inakisia kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, na nywele za rasta au pindo la khanga huonyesha haraka ilipokosea. Pingamizi zito zaidi ni la anayeuliza kwa nini tufiche mahali penyewe. Huyo nakubaliana naye kwa sehemu. Dhahabu ya Sekenke imechimbwa tangu enzi za Wajerumani, na picha ya mchimbaji wa leo isiyoonyesha shimo wala kamba haielezi kazi yake. Hapo mpiga picha arudishe zumu, amsogelee, na kamera ndogo imwonyeshe yeye na machimbo yake kwa ukali uleule, jambo ambalo kamera kubwa hulifanya kwa kubana tundu na kuhitaji mwanga mwingi zaidi.