Betri za boti zisilale chumba kimoja na watoto

Katika familia nyingi za wavuvi wa dagaa kando ya Ziwa Victoria, taa za kuvulia usiku siku hizi huwashwa kwa betri. Mashine ndogo za boti huchaji kidogo, na nyingine hazichaji kabisa. Hata inayochaji, safari fupi ya kwenda na kurudi haitoshi kujaza betri mbili au tatu. Ndiyo maana betri huletwa nyumbani, zikachajiwa pale watoto wanapolala au kucheza.

Hapo ndipo penye hatari. Betri ya maji ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, na cheche moja tu inaweza kuilipua. Ndani yake mna asidi inayounguza ngozi na macho, pamoja na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto.

Mzazi, chajia betri mahali penye hewa, mbali na jiko na mikono ya watoto. Zima chaja kabla ya kuchomoa nyaya. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Kama mashine yenu huwashwa kwa betri, itengeni na zile za taa, ili baba asikwame ziwani taa zikimaliza chaji.

Asidi ikimwingia mtoto jichoni, usisugue wala usitie maziwa. Mwoshe papo hapo kwa maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi, kisha mkimbize hospitali.