Mkoromaji Hajisikii



Katika kambi zetu ukuta mmoja hutumika na nyumba mbili, na mambo ya usiku hayana siri. Kila mtu anajua nani anakoroma. Asubuhi kwenye bomba la maji watu hutaniana: jana usiku mzee aliwasha trekta, jana usiku mzee alianzisha kinu kabla ya king'ora. Mwenyewe naye hucheka pamoja nao, kwa maana kwetu mtu anayekoroma huhesabiwa kuwa mtu aliyeshiba na aliyelala vema. Sisi wa kamati ya usalama kazini ya tawi, wanawake wanne na wanaume watatu, tulicheka vilevile kwa miaka mingi. Leo tunasema wazi kwamba tulikosea, na kosa lenyewe nusura limuue mwenzetu mmoja.

Mwenzetu huyo ni dereva wa trekta la kuvuta trela za miwa, zamu ya usiku. Mwaka jana alisinzia usukanini, na trela mbili zikaingia mtaroni. Kwa bahati wakataji walikuwa wamekwisha ondoka mahali pale. Alipewa barua ya onyo, na sisi tuliokuwepo kwenye kikao tukanyamaza, kwa sababu wote tulidhani ni waragi. Siku ya pili mkewe alikuja kwa mmoja wetu, mama mwenziwe, akasema: "Dada, huyu bwana hanywi siku za kazi. Huyu bwana halali. Anakufa kila usiku, halafu anafufuka."

Tulidhani anatia chumvi. Lakini alieleza vizuri kuliko kitabu. Bwana anakoroma kwa nguvu, mara kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti. Yeye mkewe analala pale akihesabu moyoni, kumi, kumi na tano, ishirini. Halafu bwana anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anavuta hewa kwa kelele, anageuka, anaanza tena. Asubuhi anaamka na kichwa kinamwuma, amechoka kuliko alivyolala, na usiku ameamka mara tatu au nne kwenda kukojoa. Mama mkwe alikuwa amekwisha toa hukumu yake kwamba ni jinamizi, na kuku mmoja alikuwa amekwisha chinjwa.

Ndugu, si jinamizi. Ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao madaktari huuita apnia ya usingizi. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine njia ya hewa ni nyembamba, ama kwa unene wa shingo, ama kwa umbo la taya, ama kwa mafindofindo makubwa, basi koo hujifunga kabisa. Hewa ikikatika, oksijeni katika damu hushuka, ubongo unatishika na kumzindua mwenye mwili kwa nukta chache tu, kiasi cha kufungua koo, si kiasi cha yeye kukumbuka asubuhi. Pumzi ikikatika kwa nukta kumi au zaidi, daktari anahesabu mara moja. Ikitokea mara tano kwa saa, na mtu ana dalili, huo ni ugonjwa tayari. Ikifika mara 30 kwa saa, ni ugonjwa mkali. Fikirini: mara 30 kwa saa, kwa saa saba, mtu amezinduliwa zaidi ya mara 200 na anaapa kwamba alilala fofofo.

Hapo ndipo penye shina la jambo zima. Magonjwa mengine mgonjwa ndiye hulalamika na mwenziwe humpa pole. Huu ni kinyume. Mgonjwa hajui lolote. Ayajuaye yote ni yule anayelala kando yake. Kwa hiyo mke akimwambia mumewe "nenda ukapimwe," mume husikia kama anatukanwa. Anajibu kama alivyojibu dereva wetu: "Mama, wacha maneno. Marehemu baba alikoroma hivyo hivyo." Na kweli marehemu alikoroma, naye alianguka ghafla shambani kabla ya kuwaona wajukuu, lakini hilo hakuna aliyethubutu kulitaja.

Tunawaomba kina mama, na kina baba pia ambao wake zao wanakatika pumzi, wasidhani kwamba anayekataa ni mkaidi tu. Tumekaa na wanaume wa kambi tukawauliza, na sababu tulizozisikia zina maana. Ya kwanza ni kazi. Dereva, fundi wa boila, mwendesha kreni, mtu wa mashine ya kukamua, kila mmoja anajua kwamba neno "anasinzia" likiandikwa na mganga, nyapara atalisoma. Ya pili ni aibu ya kiume: mtu mzima kuambiwa habari za kitandani mbele ya tabibu kijana. Ya tatu ni fedha, nayo tutaisema hapa chini bila kuficha. Sababu hizi tatu haziondolewi kwa kupiga kelele saa nane za usiku.

Basi mwenzi afanye nini? Tutaeleza alivyofanya mama huyu, kwa kuwa alifanya vizuri kuliko ambavyo sisi tungemshauri. Kwanza aliacha kugombana usiku, na akaacha kabisa kumcheka mbele ya watoto. Alinunua daftari la shule. Usiku tatu, saa moja kila usiku, alikaa macho, akawa anachora kijiti kila pumzi ilipokatika na kuandika alihesabu mpaka ngapi. Usiku mmoja aliazima simu ya mtoto wake akanasa sauti. Hakumsikilizisha bwana siku ile. Alingoja siku ya mapumziko, baada ya chai, akamwambia: "Baba, sitaki tubishane. Sikiliza hii, halafu useme mwenyewe." Mzee alisikiliza mpaka pale palipo kimya. Ule ukimya ulimwingia kuliko mkoromo. Akauliza, "Huyu ni mimi?" Lakini hata hapo hakukubali kwenda hospitali. Alikubali kuacha kulala chali, basi.

Sisi kamati tuliingilia hapo, na tunadhani njia yetu inaweza kufuatwa na matawi mengine. Tuliomba zahanati ya shamba ipime presha za madereva wote wa usiku, wote bila kubagua, ili asionekane mmoja kama mwenye kosa. Kwenda kupimwa presha hakumwaibishi mtu. Presha ya mzee ilikuwa juu, na pumzi kukatika usiku kwa kweli hupandisha presha: kila hewa inapokatika moyo husukuma kwa nguvu na mishipa hujikaza, na baadaye hali hiyo hubaki hata mchana. Ndiyo maana watu hawa wako karibu zaidi na kiharusi na ugonjwa wa moyo. Mtu ambaye vidonge vya presha havimsaidii, na anakoroma, aulizwe habari za usingizi. Tabibu alimwuliza mzee, "Unalala vizuri?" Mzee akasema, "Vizuri sana." Mkewe, ambaye alikuwa amekuja naye, akafungua daftari mezani.

Tunasisitiza neno hili la kwenda pamoja. Mgonjwa wa namna hii akienda peke yake atatoa ushahidi wa uongo bila kukusudia. Daftari la mke si kipimo cha daktari, na hatusemi litumike badala ya kipimo. Lakini linamfanya tabibu aandike barua ya rufaa. Kipimo chenyewe ni kulala usiku mmoja na vyombo mwilini vinavyoandika pumzi, oksijeni na moyo. Siku hizi kuna vyombo vidogo mtu huweza kulala navyo hata nyumbani. Hata kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni, kilichojulikana sana wakati wa UVIKO mwaka 2020, kikivaliwa usiku kucha kikiwa ni cha namna inayohifadhi kumbukumbu, humwonyesha tabibu kama kuna jambo la kufuatilia.

Wako watakaosema kwamba haya ni maradhi ya wazungu wanene. Tunawajibu kwamba hesabu ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2019 ilikadiria watu karibu milioni 936 duniani wenye ugonjwa huu, wa umri wa miaka 30 hadi 69, nao hawawezi kuwa wazungu wote. Unene huongeza hatari, na shingo nene pia, lakini mtu mwembamba mwenye taya dogo anaweza kuwa nao. Wanawake huwa nao, hasa wakikoma hedhi, ila mara nyingi hawakoromi kwa kishindo. Hulalamika uchovu, kichwa na kukosa usingizi, wakaambiwa ni mawazo. Mume mwenye kumsikia mkewe akitweta usiku naye ana daftari la kununua.

Na kwa wale wanaosema kwamba usingizi wa mtu ni mambo ya nyumbani mwake, chama kinaingiaje, tunawakumbusha mambo mawili. Februari 2003, huko Japani, dereva wa treni ya mwendo kasi sana alisinzia kwa muda wa dakika nane hivi, treni ikienda kilomita 270 kwa saa na abiria karibu 800 ndani. Ni vyombo vya usalama vilivyoisimamisha katika stesheni ya Okayama. Alipopimwa, alionekana ana ugonjwa huu, na Japani ikaanza kuwapima madereva wake kwa wingi. Wenzetu wa New York hawakuwa na bahati ile. Tarehe 1 Desemba 2013 treni iliingia kwenye kona ya mwendo wa kilomita 48 ikiwa na mwendo wa 132, ikaruka reli, wakafa watu wanne. Dereva alikuwa na ugonjwa huu mkali bila kujua, na tena alikuwa amebadilishwa zamu hivi karibuni akaanza kuamka alfajiri. Ndugu wa zamu za kupokezana, mnalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Trekta letu halina chombo cha kulisimamisha lenyewe.

Sasa fedha. Dawa kubwa ya ugonjwa huu ni mashine ya kusukuma hewa kwa bomba mpaka puani, upepo ule ukashikilia koo wazi. Aliigundua Dokta Colin Sullivan mjini Sydney mwaka 1980. Kabla ya hapo wagonjwa wa hali mbaya walitobolewa koo. Mashine ni ghali kwa mshahara wetu na inataka umeme usiku kucha, na ziko kambi ambazo umeme hukatwa saa nne. Hatutamdanganya mtu. Lakini isiwe sababu ya kutokupimwa, maana yapo mengine. Kupunguza mwili husaidia. Kulala ubavu husaidia wengi. Mama huyu alishonea mpira wa majani makavu ya migomba nyuma ya fulana ya bwana, kila akilala chali unamwamsha. Waragi na bia za jioni huzidi kulegeza koo, na vidonge vya usingizi hali kadhalika, tena hivyo asimpe mtu bila tabibu. Wako wanaosaidiwa na kifaa cha mdomoni cha kuvuta taya mbele, na wako wanaosaidiwa kwa kukatwa mafindofindo.

Mzee wetu alipimwa katika hospitali ya mjini, akaonekana ana ugonjwa mkali. Mashine aliikopea katika chama cha akiba na mikopo. Juma la kwanza aliitupa chini ya kitanda, akisema anahisi kama anazama. Mkewe hakugombana. Alimvisha barakoa ile mchana, wakiongea, dakika kumi, dakika ishirini, mpaka alipoizoea. Siku hizi hasinzii baada ya posho ya mchana, na jirani wa ukuta wa pili alituuliza kama mzee amehama.

Yanayobaki ni ya chama. Tunataka mkataba wa pamoja utakaojadiliwa mwaka huu useme kwamba mtu akikutwa na ugonjwa huu ahamishwe kazi ya hatari kwa muda bila kupunguziwa mshahara, na arudi kwenye kazi yake tabibu akithibitisha kwamba matibabu yamemkaa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwepo kazini, akitoa taarifa na cheti cha daktari. Lakini mwezi mmoja hauondoi hofu ya mtu wa usukani. Hofu hiyo ikibaki, waume watazidi kusema wanalala vizuri, na wake zao watazidi kuhesabu gizani. Tunataka pia kwamba asiandikiwe mtu onyo la kusinzia kabla hajaulizwa analalaje, na kabla mwenziwe wa nyumbani hajasikilizwa kama apenda kusema. Sisi wenyewe tuliokaa kimya kwenye kile kikao tumemwomba mzee radhi.

Barua ile ya onyo ingali katika faili lake. Tumeandika mara mbili kuomba itolewe, tukaambatanisha cheti cha hospitali, na kwa idhini ya mama, nakala ya kurasa tatu za daftari. Mpaka tunapopeleka makala hii kwa mhariri, hatujajibiwa. Kamati inakutana Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa nane mchana, chini ya mwembe wa karibu na mizani, na safari hii tumewaomba wanachama waje na wenzi wao.