Betri Haina Kosa



Katika darasa letu la tafsiri hapa Westmead, mama zetu wakongwe husikiliza wakiwa chumba cha pili, kwa redio na mtambo mdogo wa kurushia sauti. Mwezi uliopita mvumo uliyafunika maneno, na bibi mmoja akaacha kuja. Tuliilaumu betri; tuliidhulumu.

Betri yenyewe hutoa umeme mtulivu. Kelele hutoka katika saketi ya pawabenki, ipandishayo volti 3.7 za lithiamu zikawa 5 kwa kuukatakata umeme maelfu mengi ya mara kila sekunde. Au hutoka katika chaja iliyochomekwa ukutani.

Basi kwanza ichomoe chaja wakati wa kurusha sauti. Mvumo ukibaki, tumia betri 4 za nikeli za kuchaji, kila moja volti 1.2, jumla yake ni 4.8, na mitambo mingi ya volti 5 huridhika nayo. La sivyo, fundi aunge kapasita ya mikrofaradi 100 na nyingine ya 0.1 hapo umeme unapoingilia, akichunga chanya na hasi.

Bibi yetu amerudi. Juzi alituletea swali, nasi hatukuwa na jibu.